Mita Tatu na Nusu za Makarani wa Nyabugogo

KIGALI, Desemba 1994

Basi la Gitarama haliondoki mpaka Silvère aseme limefungwa. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dereva ameshawasha injini, abiria wamekaa na vifurushi vyao mapajani, na huko juu ya keria mwanamume wa miaka arobaini na mitatu amepiga magoti kati ya magodoro mawili na marobota ya sabuni. Anavuta kamba ya katani kwa uzito wa mwili wake wote.

Anapiga fundo la mwisho. Halafu, badala ya kushuka, anaomba maji.

Anarushiwa kidumu. Anamimina maji juu ya kamba taratibu, kuanzia fundo la kwanza hadi la mwisho, kama mtu anayemwagilia tuta la mchicha. Kisha anaweka kidole juu ya kamba na kusubiri. Dereva anapiga honi. Silvère hageuki, maana honi za madereva wa stendi ya Nyabugogo amezizoea kama watu wa mjini walivyozoea jogoo wa jirani.

Baada ya dakika chache kamba inaanza kubana. Magodoro yanajikunja katikati na sabuni zinatulia. Hapo ndipo anapogonga paa mara mbili kwa kiganja, anateremka kwa ngazi ya nyuma, na basi linaondoka.

"Kamba ya katani unaifunga kavu, halafu unamwagia maji, inarudi nyuma, inakuwa fupi," anaeleza huku akijipangusa mikono kwenye suruali. "Inakamata muzigo hata barabara ikiwa mbaya namna gani. Jua ikitoka inakauka, inalegea tena. Ndiyo maana ninaambia konvayeri, ukifika Gitarama uangalie, umwagie ingine."

Konvayeri ndiye utingo wa huku. Msomaji amsahau huyo, ila kamba aishike vizuri, tutaihitaji mbele.

Hapa Kigali mchukuzi wa mizigo huitwa karani. Wasomaji wa Dar es Salaam na Nairobi wasicheke. Mwandishi wa makala haya alipofika Nyabugogo mara ya kwanza na kuambiwa kwamba makarani wako kule kwenye magunia ya viazi, alitafuta meza na mihuri kwa dakika kumi nzima. Akakuta wanaume vifua wazi, wamejifunga vitambaa viunoni, wanakimbia na kilo mia kichwani.

Silvère ni karani wa aina yake. Goti lake la kushoto halimruhusu tena kukimbia na gunia, kwa hiyo yeye hufunga. Basi moja humpa faranga mia na hamsini, na siku njema hufunga mabasi manane. Siku mbaya hufunga mawili na kwenda nyumbani Kimisagara kwa miguu, ambako mkewe, Béatha, hamuulizi kitu. Akimwona anavua viatu mlangoni bila kupiga mluzi, anajua.

Goti hilo lina historia yake. Silvère alizaliwa Rwanda lakini alivuka mpaka akiwa na miaka minane, mgongoni mwa mjomba wake, na kukulia Bujumbura. Huko alifanya kazi ya kupakia shehena bandarini, na kwa misimu miwili alichezea timu ya bandari kama beki wa kushoto, daraja la pili. Halafu siku moja alimkaba winga mmoja mwenye mbio kuliko akili, wakaanguka pamoja, na goti likabaki pale uwanjani.

"Daraja la pili," anasema, na uso wake unakunjuka. "Watu wanasema daraja la pili ni kidogo. Mimi nilikuwa ninapita barabarani watoto wanaita jina langu. Karani gani anaitwa jina?"

Alirudi Rwanda mwezi Agosti mwaka huu, juu ya lori, na mke, watoto watatu, sufuria mbili, na mpira uliotolewa upepo ili usichukue nafasi. Béatha alitaka mpira ubaki na badala yake waje na kinu. Ni ugomvi ambao, kwa mujibu wa wote wawili, haujaisha.

Nyabugogo aliyoikuta haikuwa hii ya leo yenye makelele. Biashara ilikuwa inaanza kuinuka, na watu walifanya kazi bega kwa bega bila kuulizana jina. Huyu amekulia Uganda, yule Tanzania, yule Burundi kama yeye. Wengine hawakutoka popote, walikuwa hapa hapa miezi ile ya mauaji, Aprili, Mei na Juni, na hao ndio walioongea kidogo kuliko wote. Mchana kila kundi lilikula peke yake.

Silvère anasema ukimya ule ulimchosha kuliko magunia. Siku moja ya Septemba, wakati wa kula, akaujaza mpira upepo kwa pampu ya fundi baiskeli, akaupiga katikati ya stendi.

"Nilifikiri tu watanirudishia," anasema. "Wakanirudishia."

Ndivyo ilivyozaliwa timu ya Ingata. Ingata ni ile kata ya majani au kitambaa ambayo mchukuzi huiweka kichwani chini ya mzigo, ili utosi usiumie. Jina lilipendekezwa na kipa wao, Kabera, kijana wa miaka ishirini na sita aliyelelewa Karagwe, Tanzania, mwenye mikono mirefu na maneno marefu zaidi. Wenzake walitaka Simba, wengine Chui. Kabera akawauliza ni nani kati yao aliyewahi kubeba gunia juu ya simba. Mjadala ukaishia hapo.

Konseye, yaani diwani wa mtaa, aliwapa kiwanja kilichoachwa huko Kimisagara, kwenye mteremko, kwa sharti moja: mpaka mwisho wa mwaka iwe klabu iliyoandikishwa, la sivyo ardhi itagawiwa watu wajenge. Haikuwa ukatili, maana wanaorudi ni wengi na kila mtu anatafuta mahali pa kulaza watoto.

Halafu mwezi Oktoba ofisi ya soka ikatangaza kwamba ligi itarudi, na timu zinazotaka kuingia daraja la pili zilete maombi. Wachezaji kumi na wanane, barua ya konseye, na uwanja usiopungua mita tisini kwa urefu. Mwisho wa kupokea maombi ni Jumamosi ya tarehe kumi Desemba, saa sita mchana. Ukichelewa, subiri mwaka.

Kwa timu ya wafanyabiashara wakubwa mwaka si kitu. Kwa makarani, mwaka ni nusu ya timu kuhama, na kwa Ingata ulikuwa uwanja kwenda na maji. Silvère alilijua hilo. Akaamua uwanja utapimwa na yeye mwenyewe, kwa mikono yake.

Tepu ndefu haikupatikana Kigali nzima, au kama ilikuwepo, aliyekuwa nayo hakujitokeza. Akaazima fimbo ya mita moja kwa muuza vitambaa. Akakaa barazani kwake na kamba mpya ya katani, akaipima fimbo kwa fimbo, mita thelathini kamili, akafunga kitambaa chekundu mwanzoni na kingine mwishoni. Béatha alishika ncha moja. Walirudia mara tatu na hawakutofautiana hata kwa unene wa kidole.

Jumamosi iliyofuata walipanda uwanjani wote. Kamba ililazwa mara tatu, tisini. Wakachimbia milingoti ya mkaratusi na kuchora mistari kwa majivu waliyookota kwenye vibanda vya chai. Kabera alicheza ngoma ya kwao golini na wote wakapiga makofi.

Siku ile ilikuwa inanyesha.

Si mvua kubwa, ni ile ya Novemba inayotambaa tangu asubuhi na kumlowesha mtu bila yeye kujua. Majani yalilowa. Kamba iliburutwa majanini toka mwisho mmoja hadi mwingine. Na huyu bwana anayemwagia kamba maji kila asubuhi ili iwe fupi, mtu ambaye ukimwamsha usingizini atakwambia katani ikilowa inarudi kiasi gani, alipima uwanja wake kwa kamba mbichi na asitambue. Mganga hajigangi.

Bayingana, ofisa wa ofisi ya soka, alifika Jumamosi ya tarehe tatu Desemba. Ni kijana aliyekulia Kampala, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi na tepu ya chuma ya mita hamsini ambayo haimtoki mkononi. Alipima mara moja, akapima tena kutokea upande wa pili. Mita themanini na sita na nusu.

Wachezaji walimzunguka. Kuna aliyesema tepu ni mbovu. Bayingana, anavyokumbuka mwenyewe, hakukasirika, alitamani tu angekuwa amekosea yeye.

"Nilimwambia muzee Silvère, mimi napenda timu yenu, lakini siwezi kuandika tisini na tepu inasema themanini na sita," anasema. "Nikiandika uongo hapa, kesho nitaandika uongo pengine. Nikampa wiki moja. Zaidi ya hapo haiko mikononi mwangu."

Silvère hakubisha. Alikwenda akatungua kamba yake iliyokuwa imetundikwa mlingotini, akaishika kwa vidole viwili. Ilikuwa na unyevu. Wenzake wanasema alikaa chini pale pale kwenye matope na kofia usoni.

"Miaka ishirini ninamwagia kamba maji," anasema sasa, na anaweza kucheka kidogo. "Nilisahau tu kama mvua na yenyewe iko maji. Niliona haya. Vijana wameniamini, wananiita muzee, na mimi nimewakata mita tatu na nusu."

Maji yalishamwagika. Kilichobaki ni kutafuta mita hizo zitatoka wapi.

Uwanja wa Ingata una ncha mbili, na kila ncha ina mwenyewe. Chini kuna shamba la maharage la Gahongayire, mama wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Kimisagara. Juu kuna kingo ya udongo, kimo cha kiuno, na kwenye pembe yake moja umesimama mti wa parachichi.

Gahongayire na timu hawakuwa marafiki. Mpira ulioingia kwenye maharage yake haukutoka. Aliuchukua, akaenda nao nyumbani, akafunga mlango. Alikuwa ameshachukua miwili, na timu ilikuwa imebaki na mmoja wenye kiraka. Hakutukana wala hakupiga kelele. Wachezaji wanasema ni heri angetukana.

Jioni ya siku ile ya kipimo kikao kilikaliwa kwenye kibanda cha chai. Wengi walitaka maharage. Kabera alisema wazi kwamba mistari saba ya maharage si roho ya mtu, wamlipe mama wa watu na kazi iishe kesho. Kuchimba kingo ni siku nyingi, na mvua haijaisha. Kwa hesabu Kabera alikuwa na haki.

Silvère akakataa. Alisema maharage yale yamepandwa mwezi wa tisa na yameanza kutoa maua, na kama yeye amekosea kamba, mama yule asilipie kamba. Kidogo wagombane. Mwishowe akasema atakwenda kuongea naye kesho yake baada ya misa, na kila mtu akadhani anakwenda kuomba shamba.

Gahongayire naye alidhani hivyo. Mwandishi alimkuta nyumbani kwake, chumba kimoja chenye kitanda na cherehani iliyofunikwa kitambaa cheupe, na alisimulia bila kuharakishwa. Anasema alimwona Silvère anakuja akichechemea, akasimama mlangoni na kukunja mikono.

"Unataka maharage yangu," alimwambia.

"Hapana, mama. Nataka kuuliza kitu ingine."

"Uliza."

Silvère anasema alikuwa amelipanga swali lile usiku kucha. Alivua kofia. "Ule udongo wa juu, mama. Tunataka kuuchimba. Mimi sikuwa hapa. Sijui. Kuna mtu?"

Wasomaji wa mbali huenda wasielewe uzito wa swali hili. Mwaka huu hapa Rwanda hakuna anayepiga jembe kwenye ardhi asiyoijua bila moyo kumdunda. Watu wamechimba msingi wa choo na kukuta nguo ya mtoto. Na walio wengi kati ya hawa wanaochimba, wanaojenga, wanaofungua maduka, walikuja baada ya Julai. Ardhi hawaijui. Wanaoijua ni wachache, na hawaulizwi.

"Tangu mwezi wa saba watu wanaingia hapa," Gahongayire anasema. "Mmoja anataka nyumba, mwingine anataka shamba, mwingine anataka mpira wake. Hakuna aliuliza hiyo. Yeye aliuliza."

Alichukua kitenge, akajifunika mabega, wakapanda wote wawili hadi kwenye kingo. Alitembea mbele, polepole, kutoka upande wa barabara. Hapa chimba, alisema. Na hapa chimba. Hapa kulikuwa na ukuta wa jirani, utakuta mawe tu. Silvère alikuwa nyuma yake anachomeka vijiti.

Walipokaribia mti wa parachichi akasimama.

"Hapa hapana," akasema. "Hapa yuko Théoneste."

Théoneste alikuwa mume wake, fundi cherehani. Majirani wawili walimzika haraka chini ya mti ule mwezi wa tano, bila sanda wala sala, na majirani wenyewe hawako tena. Gahongayire ndiye peke yake aliyebaki anajua mahali. Ana shamba jingine, zuri zaidi, kule bondeni, lakini mwaka huu alipanda hapa. Anasema kutoka kwenye maharage haya mti unaonekana, na mtu akiwa na jembe mkononi hakuna atakayemuuliza anatazama nini.

Silvère aliuliza tu kama mume wake alipenda mpira. Gahongayire akasema hapana, alikuwa hapendi kabisa, alisema ni wanaume wazima wanafukuza ngozi. Wakacheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza, na wanasema walishtuka kujisikia wanacheka mahali pale.

Jumapili ile ile jioni timu iliitwa. Silvère aliwaeleza yote, na safari hii hapakuwa na mjadala. Kabera alivua kofia yake na kuikalia. Ikaamuliwa kingo itachimbwa, na uwanja mzima utasogezwa hatua sita upande wa barabara, ili mti wa parachichi ubaki nje kabisa ya mistari. Maana yake milingoti yote kung'olewa na majivu yote kuchorwa upya.

Kuanzia Jumatatu kazi ilikuwa ile ile wanayoijua. Saa nane mchana, mabasi yakipungua, makarani ishirini na wawili walipanda Kimisagara na majembe, karai na magunia. Nusu walichimba na nusu walibeba. Udongo mwekundu uliloa na kuwa mzito kama risasi, na watu wa mtaa walitoka kuangalia wanaume wanaofanya mazoezi ya mpira bila mpira.

Udongo ulihitaji pa kwenda. Ni Gahongayire aliyesema umwagwe chini, juu kidogo ya shamba lake, kwa sababu kila mvua maji ya uwanja yaliteremka na kumsombea maharage. Likainuka tuta refu, kimo cha magoti, kisha mapaja. Maji yakageuza njia. Siku ya Jumatano mpira wenye kiraka ulibingirika hadi kwenye tuta, ukagonga, ukarudi wenyewe uwanjani. Gahongayire aliutazama. Jioni ile ile alikuja na kikapu, akaweka chini mipira yao miwili, na wa tatu ambao hakuna aliyekumbuka kuupoteza.

Alhamisi mvua ilipiga kutwa na hawakuchimba hata karai moja. Ijumaa walifika saa sita badala ya saa nane. Mabasi ya mchana huo yaliondoka Nyabugogo yakiwa yamefungwa na watu wengine, na inasemekana robota moja la sabuni lilishuka lenyewe kabla ya Gitarama. Wanaume wa mtaani wakaleta majembe yao, bila kuombwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ilipofika jioni kingo ilikuwa imerudi nyuma.

Wamepata ngapi? Silvère alikataa kupima kwa kamba. Alimwambia Kabera, mwenye miguu mirefu, ahesabu hatua, halafu akawaambia wachimbe hatua moja zaidi. Kabera aliuliza ya nini. "Ya mvua," akajibiwa.

Jumamosi ya tarehe kumi, saa nne asubuhi, Bayingana alifika na tepu yake. Mwandishi alikuwepo. Wachezaji walikuwa wamesimama mstarini na jezi walizoazima, mashati ya rangi tatu tofauti za buluu, na wengine bado na tope masikioni.

Tepu ya mita hamsini inahitaji kupigwa mara mbili, na inahitaji mtu wa kushika mwanzo wake. Bayingana aliuliza nani atashika. Silvère alitikisa kichwa, akasema yeye asiguse kipimo chochote tena maisha yake. Akageuka, akamwita Gahongayire, aliyekuwa amesimama juu ya tuta na kitenge chake.

Mama akashuka. Akapiga goti kwenye mstari wa majivu, mgongo kwa maharage yake, akabana ncha ya tepu kwa gumba mpaka ukucha ukawa mweupe. Bayingana akatembea. Hamsini, akachomeka kijiti. Mama akasogea hadi kwenye kijiti, akabana tena. Bayingana akatembea hadi kwenye udongo mpya, akainama, akatazama, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Tisini na sitini," akasema.

Kabera aliuliza sitini za nini. Bayingana akamgeukia Silvère, akasema mita tisini na sentimita sitini, muzee, andikeni barua. Kelele zilizofuata zilisikika hadi sokoni. Silvère hakuruka, goti halimruhusu. Alikwenda akamwinua Gahongayire kutoka pale chini, kwa mikono yote miwili, na wote wawili walikuwa wanalia na hawakujificha.

Maombi yalipokelewa saa tano na robo. Orodha ya timu zitakazoingia daraja la pili itatoka mwezi wa pili, na Bayingana, kama kawaida yake, hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba uwanja ni halali, barua ni halali, na yeye ameandika alichokiona. Konseye naye amesema hatagawa ardhi mpaka orodha itoke.

Jumatatu mwandishi alimkuta Silvère tena juu ya basi, la Butare safari hii, kidumu mkononi. Aliulizwa mipango yake. Alisema anataka jezi za rangi moja. Anataka Kabera ajifunze kunyamaza mpira ukiwa mbali. Anataka, Mungu akipenda, siku moja mtoto wa Kimisagara amwite kwa jina akipita barabarani, hata kwa kosa.

Halafu akamimina maji, akaweka kidole juu ya kamba.

Kuna mpango mwingine, alisema, na huo hausubiri mwezi wa pili. Siku ile uwanja ulipopita, wachezaji walimuuliza Gahongayire wampe nini. Alikataa pesa, akakataa sukari. Akawaambia, nyinyi ni makarani, mnabeba. Padri ameshaelezwa, na fundi seremala wa Kimisagara anatengeneza jeneza. Jumamosi ya kwanza ya Januari, kabla ya mazoezi, Ingata itamtoa Théoneste chini ya mti na kumpandisha hadi makaburini, wakipokezana sita sita. Kwa kuwa njia ni ya mlima na kuna matope, Silvère ndiye atakayelifunga jeneza kwa kamba.

"Nimeshanunua kamba mpya," alisema. "Hii sitaimwagia maji. Mutu kama huyo hatumukazi. Tutamushika na mikono."

Kamba ya basi ikabana chini ya kidole chake. Akagonga paa mara mbili.